Anza na gnuplot: tuchore mvua ya Dar

Gnuplot unaiandikia amri, nayo inakuchorea grafu papo hapo. Hujaridhika, unarekebisha amri, inachora upya. Kwa anayeanza kusoma takwimu hakuna mwalimu mzuri zaidi, maana kila swali unalijibu kwa macho yako. Programu hii ipo tangu 1986, ni ya bure, ni nyepesi hata kwa laptop ya zamani, na ukishaipakua haili bando.

1. Iweke kwenye kompyuta. Kwenye Ubuntu andika `sudo apt install gnuplot`. Wa Windows apakue kwenye tovuti ya gnuplot. Ukiifungua utaona `gnuplot>`. Hapo ndipo pa kuandikia.

2. Ijaribu.

`plot sin(x)`

Dirisha litafunguka na wimbi ndani yake, kuanzia -10 hadi 10. Sasa andika:

`set xrange [0:20]`
`replot`

`set` hubadilisha mpangilio, `replot` huchora tena. Ukishika hayo mawili umeshapata nusu ya kazi. Andika amri kwa herufi ndogo, kwani `PLOT` haitambuliki. Ukikosea, gnuplot huweka kialama `^` pale ilipokwama. Kitazame hicho kwanza kabla ya kufuta mstari mzima.

3. Andaa data. Fungua Notepad au programu yoyote ya maandishi, uandike wastani wa mvua ya Dar es Salaam kwa mwezi, kwa milimita (1971 hadi 2000):

```
# mwezi mvua
Jan 76
Feb 55
Mac 138
Apr 254
Mei 198
Jun 43
Jul 26
Ago 24
Sep 23
Okt 69
Nov 126
Des 118
```

Hifadhi kwa jina `mvua.txt`. Mstari wenye `#` gnuplot huuruka.

4. Chora. Rudisha kwanza mpangilio wa mwanzo kwa `reset`, kisha:

`set style fill solid`
`set boxwidth 0.8`
`set yrange [0:*]`
`set ylabel "Mvua (mm)"`
`plot "mvua.txt" using 2:xtic(1) with boxes notitle`

Ikisema faili halionekani, andika `pwd` uone iko folda gani, halafu uihamishe kwenye folda yenye faili kwa `cd "jina la folda"`. Hili huwasumbua wengi kuliko amri zenyewe.

Sehemu ya `using 2:xtic(1)` ndiyo ya kuielewa vizuri: safu ya pili ndiyo urefu wa pau, safu ya kwanza ndiyo majina ya chini. Sasa itazame grafu. Masika imesimama Aprili na Mei, Juni inaporomoka, kisha vuli inainuka Novemba na Desemba. Mkazi yeyote wa Jangwani, bondeni Dar ambako mafuriko si mageni, anaijua hadithi hiyo, lakini pau zinamwonyesha pia kwamba Aprili peke yake inazidi Novemba na Desemba zote mbili zikijumlishwa.

`set yrange [0:*]` usiiache kwenye grafu ya pau. Gnuplot hupenda kujichagulia mipaka. Joto la mchana la Dar hucheza kati ya nyuzi 29 na 33 hivi mwaka mzima. Liachie lichorwe bila mipaka yako, utadhani Julai tunaganda. Kwa mstari wa joto si lazima uanze sifuri, ila msomaji aone wazi mhimili unaanzia wapi.

5. Gusa grafu. Bofya dirisha la grafu, kisha bonyeza `g`: mistari ya gridi inatokea. Sogeza kipanya, namba za mahali kilipo zinabadilika. Ukivuta karibu na kupotea, `u` hukurudisha.

6. Hifadhi. Mstari wa kwanza huhifadhi amri zako, inayofuata hutoa grafu kama picha ya PNG.

`save "mvua.gp"`
`set terminal pngcairo`
`set output "mvua.png"`
`replot`
`unset output`

Usisahau `unset output`, la sivyo picha inaweza kutoka haijakamilika. Siku nyingine funga na ufungue gnuplot upya, andika `load "mvua.gp"`, na grafu yako itarudi kama ulivyoiacha, tayari kupokea data ya mwaka mwingine.