Namna ya kuwachagulia watoto na vijana katuni za mashujaa zisizombagua mtu

Anayetaka kumtafutia mtoto kitabu cha katuni cha mashujaa wenye nguvu za ajabu, ambamo wamo wasichana, watu weusi, watu wenye ulemavu na watu wa dini mbalimbali, asianze na jalada. Jaladani wachapishaji huweza kupanga nyuso za kila namna, ilhali ndani mhusika huyo hasemi zaidi ya sentensi mbili, au anauawa mapema ili shujaa mkuu apate sababu ya kulipiza kisasi. Fungua kurasa za katikati, usome kumi hivi, kisha ujiulize ni nani anayefanya uamuzi unaosukuma hadithi mbele. Ukiona mhusika huyo kazi yake ni kuokolewa, kushauri au kuchekesha tu, rudisha kitabu rafuni.

Swali la pili ni kama mhusika ana maisha mengine nje ya ile sifa inayomtofautisha. Kamala Khan, msichana Mwislamu mwenye asili ya Pakistani anayeishi Jersey City nchini Marekani, alianza kuwa na mfululizo wake mwenyewe wa Ms. Marvel mwaka 2014, na mwaka uliofuata juzuu ya kwanza ikapata Tuzo ya Hugo, inayotolewa kwa hadithi za kisayansi na za kubuni mambo ya ajabu. Imani yake imo katika hadithi, lakini vilevile mna ukaidi wake kwa wazazi, marafiki zake, na mapenzi yake makubwa kwa mashujaa wengine; ndiyo maana hata msomaji asiyefanana naye humfuata bila kuchoka. Miles Morales, aliyejitokeza mwaka 2011 akiwa Spider-Man mpya, baba yake ni Mmarekani mweusi na mama yake ana asili ya Puerto Rico. Kwa mtoto mdogo zaidi kuna Lunella Lafayette wa Moon Girl and Devil Dinosaur, msichana mweusi wa miaka 9 ambaye silaha yake kubwa ni akili.

Kuhusu ulemavu, tazama kama uchoraji wenyewe umeubeba. Katika El Deafo, kitabu cha Cece Bell cha mwaka 2014 kuhusu utoto wake wa kutosikia, maneno yaliyomo ndani ya viputo vya mazungumzo hufifia kadiri betri ya kifaa cha kusikilizia inavyoisha, hata msomaji naye akabaki na viputo vitupu. Toleo la 19 la Hawkeye, katuni ya shujaa mpiga mishale aliyepoteza uwezo wa kusikia, la mwaka huohuo, limejaa lugha ya alama isiyofasiriwa. Ni msomaji anayesikia ndiye anayelazimika kukisia. Binafsi naona kurasa hizo zinafundisha kuliko hotuba yoyote ya huruma, ingawa mfululizo huo wa Hawkeye unawafaa vijana, si watoto wadogo.

Umri usipimwe kwa rangi angavu za michoro. Wachapishaji wakubwa huweka alama za umri nyuma ya kitabu, ila herufi zileile hazimaanishi umri uleule kwa kila mchapishaji. Soma maelezo yake, kisha upitie mapigano yenyewe. Orodha za walioteuliwa kuwania Tuzo za Eisner, tuzo za vitabu vya katuni za Marekani, zinasaidia sana, kwa kuwa zina vitengo vya wasomaji wadogo, watoto na vijana kila kimoja peke yake. Mkutubi wa sehemu ya watoto naye aulizwe, lakini kwa swali mahususi: si "nipe katuni nzuri", bali "nataka hadithi ambamo shujaa ni msichana kiziwi na mapigano si mengi."

Ukishapata jina, nunua au azima juzuu iliyoandikwa namba 1 ya mfululizo husika. Hadithi za mashujaa zimeunganishwa kwa miongo mingi, na mtoto anayetupwa katikati hudhani kwamba kosa ni lake anapokosa kuelewa. Mpe vitabu viwili au vitatu kwa mpigo, achague mwenyewe, na akikiacha kimoja baada ya kurasa tano usimuulize maswali.