Kuku Anayechechemea: Tafuta Kamba Kabla ya Kutafuta Bandeji

Huku kwetu Magharibi mwa Kenya kuku akianza kuchechemea, jirani wa kwanza kufika huuliza kama unga wa ugali upo. Somo hili si lake. Ni la mwenye kuku asiyechinjwa: kuku wa mtoto, kuku wa nyanya, au jogoo aliyekwisha kupewa jina na sasa hakuna awezaye kumla.

Wangu ni Madoa. Aliletwa zawadi kutoka soko la Luanda, kamba ya manila mguuni, akining'inia kichwa chini kwenye bodaboda kama ilivyo desturi yetu mbaya. Tulikata kamba tulipofika nyumbani, au tulidhani tumeikata yote. Baada ya wiki moja mguu ulikuwa umevimba mara mbili ya mwenzake, na uzi mmoja mwembamba ulikuwa umezama ndani ya ngozi, hauonekani.

1. Mshike jioni, umpekue. Gizani kuku hutulia. Mviringishe kwa leso, mabawa ndani, kichwa nje, lakini usimkaze kifuani. Kuku hupumua kwa kukitanua na kukirudisha kidari. Ukimbana hapo anakosa hewa mikononi mwako. Washa tochi ya simu, anza vidoleni ukipanda juu. Tafuta uzi, raba, hata nywele za kusukia zinazotupwa uani. Ukiona mfereji kwenye ngozi, ulowanishe kwa maji ya vuguvugu kama dakika 10, kisha kata uzi kwa mkasi mdogo wa kucha na uutoe polepole.

2. Jua unachotibu. Mguu una joto na uvimbe kidogo lakini anaukanyaga: huenda ameteguka, na kupumzika kunatosha. Unaning'inia au umepinda mahali pasipo kiungo: umevunjika. Chini ya wayo kuna kigaga cheusi na uvimbe mgumu: ni jipu la wayo, bakteria wameingia kupitia mchubuko, mara nyingi kwa kuruka kutoka juu na kutua kwenye sakafu ngumu. Kama hakuna jeraha lolote, ila mguu mmoja umenyooka mbele na mwingine nyuma, hasa kwa kuku wa miezi michache, shuku ugonjwa wa Marek. Huo hauna dawa. Na shingo ikipinda, kinyesi kiwe cha kijani, mtenge haraka na umwite daktari wa mifugo: hicho huenda ni kideri (Newcastle), kinachoambukiza upesi, na boma zima liko hatarini.

3. Osha kidonda. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisijae kupita ukingo, katika nusu lita ya maji yaliyochemka yakapoa. Paka asali safi, funika nzi wasitage. Mafuta ya taa, oili chafu ya gari, maji ya betri: nimeona vyote vikimiminwa kwenye mguu wa kuku, na vyote huchoma nyama iliyokuwa inajaribu kupona.

4. Funga, lakini kwa mkono mwepesi. Mfupa ukivunjika kwenye sehemu yenye magamba, zungushia pamba, weka vijiti viwili vya aiskrimu pande zote mbili, kisha plasta. Sehemu yenye nyama, hasa paja la juu, usiijaribu mwenyewe. Mara ya kwanza nilimfunga Madoa nikajisifu. Asubuhi vidole vilikuwa baridi na vimebadilika rangi. Nilikuwa nimemrudishia kamba yake. Gusa vidole asubuhi na jioni, vikiwa baridi au vimevimba, fungua papo hapo.

5. Mpumzishe wiki 3. Katoni pana, maranda mengi, maji na chakula karibu na mdomo. Mimi humwongezea omena iliyosagwa. Mweke penye wavu awaone wenzake, la sivyo watampiga kama mgeni siku ya kurudi. Usimchanganye nao akiwa bado na kidonda, kwa maana wakiona damu watamdonoa.

Maswali ya wanachama

Mama Madoa, naweza kumpa kuku dawa yetu ya maumivu? (Nyalenda)
Hapana, dada. Kipimo cha mtu si cha ndege wa kilo 2. Daktari wa mifugo ana dawa ya maumivu inayofaa kuku.

Agroveti waliniuzia antibiotiki ya unga. Mayai tunakula? (Chavakali)
Soma pakiti, imeandikwa siku za kungoja baada ya dozi ya mwisho. Dawa nyingine haziruhusiwi kabisa kwa kuku wa mayai. Na uzi ukishatoka na kidonda kiwe safi, mara nyingi hata hiyo antibiotiki haihitajiki.

Kifaranga wangu wa siku 2 miguu imetanuka kama mtu aliyeteleza. (Njoro)
Umetandika gazeti, sivyo? Linateleza. Weka kitambaa kikavu chenye mkwaruzo. Unganisha miguu kwa kipande chembamba cha plasta, ikae umbali wake wa kawaida, na uangalie kila siku. Ukianza mapema hunyooka kwa siku chache. Ukingoja wiki mbili, umechelewa.

Mzee wangu anasema namtesa kuku bure. Nitajuaje kama ana haki? (Mumias)
Mama, mtazame kuku, usimtazame mzee. Akila, akinywa na kujipangusa manyoya, mpe muda. Mfupa ukitokeza nje na huna daktari, au vidole vimekauka vyeusi na yeye amekataa hata maji, mzee ana haki, na ifanywe haraka na mtu mwenye kisu kikali. Kama alikuwa kwenye dawa, azikwe, asipikwe.

Madoa je? (Nyalenda tena)
Alipoteza kidole kimoja. Anataga, ila sasa mti wa kulalia tumeushusha hadi magotini.