Ganda la mzinga lililochongwa: geuza kitako kabla hujatoa hela

Wale mnaokusanya vitu vilivyochongwa na askari wa vita vya kwanza vya dunia, hasa yale maganda ya mizinga yaliyogeuzwa vesi za maua, ukiletewa moja achana na stori ya muuzaji kwanza, ligeuze usome kitako. La Mwingereza la mzinga wa paundi 18 (uzito wa kombora lake) limepigwa 18 PR, la Mfaransa 75 DE C, la Mjerumani mara nyingi lina jina la kiwanda kama Patronenfabrik Karlsruhe au Polte Magdeburg, na mwezi na mwaka. Huo mwaka ulinganishe na maandishi ya ubavuni, ambayo mara nyingi yanataja uwanja wa vita kama Ypres ya Ubelgiji au Somme ya Ufaransa. Ganda la 1915 lililoandikwa Ypres 1917 poa tu, ila kitako kikisema 1917 na ubavuni Somme 1916 basi hata kama ni la kale kweli halikuchongwa Somme wakati ule, ni la ukumbusho. Na hayo ni mengi mno, maana vita vilipoisha raia wa Ubelgiji na Ufaransa waliyachonga wakawauzia wageni waliokuja kuona makaburi, mimi sioni ubaya kuwa nalo, ubaya ni kulipishwa bei ya lile lililochongwa na askari handakini.

Halafu kazi ya mkono. Fundi alijaza lami au mchanga ndani ndo akagonga, kwa hiyo mulika tochi ndani uone kama kuna vibonyeo vinavyofuata ua la nje. Nukta za msumari hazilingani, nyingine zimezama nyingine zimeteleza, wakati drili ya umeme inaacha mfereji mlaini wa upana uleule mwanzo mwisho. Chukua lenzi ukague jina la askari na namba yake, hapo ndo waghushi wanapochezea sana kwa sababu jina linapandisha bei, ukikuta ganda lote limefifia afu herufi zinang'aa kwa ndani, jua zimeongezwa juzi. Kutu ya kijani iliyoenea sawasawa kila mahali nayo ni ya kupakwa asidi hiyo.

Kwenye viberiti vya petroli, navyo askari walivitengeneza, we angalia skrubu tu, ikiwa ya nyota rudisha, hizo zimekuja miaka ya 1930.

Na usilisugue ling'ae, utafuta ushahidi wote.

Mwisho fataki ya katikati ya kitako, yaani kile kidude cha kuwashia baruti: kama bado ipo na haina alama ya kugongwa, au kombora lenyewe bado limechomekwa, weka chini taratibu, usikate usitoboe, ita polisi.