Zawadi za Sikukuu za Kushona Nyumbani: Kukata Kanga Bila Kukata Maneno Yake

Mtu anayetaka kumshonea mwenzake zawadi ya Idi au ya Krismasi kwa kawaida huamua kwanza atashona nini, kisha ndipo huenda dukani kutafuta kitambaa. Kwa zawadi za kanga napendekeza tugeuze utaratibu huo: tuanze na mtu mwenyewe, tuende kwenye maneno yanayomfaa, na umbo la zawadi lije mwisho, likifuata mahali maneno hayo yalipochapwa. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kushona mto kwa ajili ya dada yangu kutokana na kanga iliyoandikwa “Japo sipati tamaa sikati”, nikapima mraba wangu kwa makini, nikakata, na nilipougeuza mto ule nikakuta uso wake unasema “Japo sipati” tu. Nusu ya pili, ambayo ndiyo yenye matumaini, ilikuwa imebaki kwenye kipande cha sakafuni. Kitambaa kilikuwa kizuri na mshono ulikuwa umenyooka, lakini zawadi haikufaa kutolewa.

Kanga, au leso kama wanavyoiita watu wengi wa Mombasa, ina sehemu tatu ambazo mshonaji lazima azifahamu kabla hajagusa mkasi. Kuna pindo linalozunguka pande zote nne, kuna mji ulioko katikati, na kuna jina, yaani maneno yaliyochapwa juu kidogo ya pindo la chini katika upande mrefu. Huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana ambavyo hutoka vikiwa vimeungana na mnunuzi ndiye huvitenganisha na kuvipinda. Kila kipande huwa na urefu wa takriban sentimita 150 na kimo cha takriban sentimita 110, ambazo kwa futi ya fundi ni kama inchi 59 kwa 43. Kwa kuwa kila kipande kina jina moja tu, doti moja hutoa zawadi mbili zenye maneno, wala si zaidi, na hesabu hiyo ni vizuri uifanye ukiwa bado dukani.

Uchaguzi wa maneno usifanywe kwa haraka. Ukiwa Kariakoo, Darajani au Mtaa wa Biashara mjini Mombasa, mwombe muuzaji aifungue kanga yote uisome, kwa sababu rangi inayovutia inaweza kuwa imebeba maneno ya mafumbo. “Nani kama mama” inafaa kwa mama mzazi na kwa mama mlezi vilevile, na “Wema hauozi” inamfaa jirani aliyekuuguzia mtoto. Lakini “Hasidi hana sababu” au “Usisafirie nyota ya mwenzio”, ukimpelekea wifi yako au mama mkwe, atayasoma kama ujumbe uliomlenga yeye, na hakuna maelezo yatakayomtoa katika fikra hiyo. Kama hukupata maneno yanayokuridhisha, nunua kitenge, ambacho hakina jina, ukashone mfuko nitakaoueleza baadaye.

Kuandaa kitambaa

Usishone kanga ambayo haijafuliwa. Ikitoka dukani huwa imekazwa kwa dawa ya kiwandani, na baada ya kufuliwa mara ya kwanza hulainika na kunywea kidogo, kiasi cha kutosha kuupinda mto au kuikunja aproni iliyoungwa na bitana. Ioshe peke yake kwa maji baridi na sabuni kidogo, uisuuze mpaka maji yatoke bila rangi, hasa ikiwa ni nyekundu au nyeusi, kisha uianike kivulini na kuipiga pasi ikiwa bado na unyevu. Kitambaa cha bitana nacho kioshwe vivyo hivyo, kwani kimoja kikinywea na kingine kisinywee, kazi yote hukunjamana baada ya wiki mbili za matumizi.

Jambo jingine ambalo wanaoanza hawaambiwi ni kwamba chapa ya kanga na nyuzi zake hazilingani daima. Pindo linaweza kuonekana limekwenda upande kidogo ukilinganisha na uelekeo wa nyuzi. Katika vitambaa vingine vyote ningekuambia ufuate nyuzi, lakini katika kanga, tofauti ikiwa ndogo, fuata mstari wa pindo, kwa kuwa mtazamaji ataliona pindo lililopinda kabla hajaona kitu kingine chochote. Chora mistari yako kwa chaki na rula ndefu, si kwa kukadiria, na uweke alama katikati ya maneno, mahali ambapo idadi ya inchi za kushoto na za kulia inalingana.

Cherehani ya mguu au ya umeme inafaa, ikiwa na sindano namba 14 na uzi wa kawaida wa kushonea pamba. Kama umeitia mafuta karibuni, shona kwanza juu ya kitambaa chakavu mpaka uone hakuna doa linalotokea. Asiye na cherehani anaweza kuzishona zawadi hizi zote kwa mkono, mradi kila hatua sindano irudi nyuma kidogo kabla ya kusonga mbele, kwani mshono wa kwenda mbele tu ni wa kupigia bandi na hautahimili kufuliwa.

Foronya ya mto wa kochi

Hii ndiyo zawadi ya kuanzia. Pima kwanza urefu wa maneno pamoja na kisanduku kilichoyazunguka, kama kipo. Yakiwa hayazidi inchi 16, yatakaa vizuri kwenye mto wa mraba wa inchi 18. Yakizidi hapo usijaribu kuyabana. Shona mto mrefu wa inchi 12 kwa 22 au zaidi, kwa sababu maneno yanayogusa mshono huingia mbavuni mwa mto na hayasomeki.

Kwa mto wa inchi 18, kata uso wa inchi 19 kwa 19, ambapo nusu inchi kila upande ni nafasi ya mshono. Usiyaweke maneno katikati kabisa ya mraba. Yaache yakae katika theluthi ya chini, juu ya kipande cha pindo, kama yanavyokaa kwenye kanga yenyewe, na sehemu ya juu ijazwe na mji. Kwa upande wa nyuma kata vipande viwili, kila kimoja inchi 19 kwa 13, kutoka kwenye sehemu ya kanga iliyobaki. Katika kila kipande cha nyuma, chukua ukingo mmoja wa inchi 19, ukunje nusu inchi, ukunje tena nusu inchi, upige pasi na kushona. Vipande hivyo sasa vina upana wa inchi 12, na vikilazwa vitapandana kwa inchi 5 katikati. Huo ndio mdomo wa foronya, na kwa njia hii huhitaji zipu wala vifungo.

Laza uso wa mto mezani ukikutazama, uweke juu yake vipande viwili vya nyuma vikiwa vimegeuzwa, uso kwa uso, huku pindo zilizoshonwa zikipandana katikati. Bana kwa pini, piga bandi kama mkono wako haujazoea, kisha shona pande zote nne kwa nusu inchi kutoka ukingoni. Pale vipande vinapopandana rudia mshono mara mbili, kwani hapo ndipo mto huvutwa kila unapovuliwa foronya. Punguza kitambaa cha pembeni kwenye kona bila kuugusa uzi, pitisha mshono wa zigizaga kwenye kingo ili zisichanike, halafu geuza na uzitoe kona kwa kijiti kisicho na ncha kali. Ukitoa foronya mbili za doti moja kwa pamoja, zinakuwa jozi.

Aproni yenye jina chini

Kwa mama au shangazi anayepika kwa ajili ya jamaa nzima siku ya sikukuu, sijaona zawadi inayozidi aproni ya kanga, kwa sababu jina hubaki pale pale linapokaa anapojifunga kanga yenyewe. Kanga peke yake ni nyepesi mno na hupitisha mafuta ya moto, kwa hiyo itie bitana. Mimi hutumia merikani, ile pamba isiyopaushwa iliyopata jina lake kwa kuletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19.

Kutoka kwenye ukingo wa chini wa kanga, panda juu inchi 34, na kutoka katikati ya maneno, pima inchi 14 kushoto na 14 kulia. Umepata mstatili wa inchi 28 kwa 34. Ukunje katikati kwa urefu ili nusu mbili zilingane, kisha kwenye ukingo wa juu pima inchi 5 kutoka kwenye mkunjo na utie alama. Kwenye ukingo wa pembeni shuka inchi 10 kutoka juu na utie alama nyingine. Ziunganishe alama hizo kwa mstari unaobonyea kuelekea kwenye mkunjo, kama kwapa la gauni, na ukate tabaka zote mbili kwa pamoja. Tumia umbo hilo kukatia bitana.

Kwa kamba, kata vipande vya upana wa inchi 3: kimoja cha urefu wa inchi 24 kwa ajili ya shingo na viwili vya inchi 34 kwa ajili ya kiuno. Kila kimoja kunja kingo zake ndefu zikutane katikati, kikunje tena, piga pasi na ushone, upate kamba ya robo tatu ya inchi. Sehemu za pindo la pembeni la kanga hutoa kamba nzuri sana, kwa kuwa rangi yake hutofautiana na mji.

Weka kanga na bitana uso kwa uso. Katikati yake ziingize kamba, zikiwa zimelala kwa ndani na ncha zake zikichungulia ukingoni: za shingo kwenye kona mbili za juu, na za kiuno chini kidogo ya mabonyeo ya makwapa. Hakikisha kamba ya shingo haijajipinda, jambo linalosahaulika kirahisi. Shona kuzunguka kwa nusu inchi, ukiacha uwazi wa inchi 5 upande mmoja. Kata vijipasuo vidogo kwenye mabonyeo, geuza kupitia ule uwazi, piga pasi, halafu pitisha mshono wa juu pande zote karibu na ukingo, nao utauziba uwazi wenyewe.

Mfuko wa kitenge, na masalio

Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017, na Tanzania ikafuata mwezi Juni 2019, mfuko wa kitambaa wa kwenda nao sokoni umekuwa kitu cha kila siku, na anayepewa kilichoshonwa vizuri hukitumia kwa miaka. Yadi moja ya kitenge inatosha, na uwe na yadi moja ya bitana imara. Kata vipande viwili vya inchi 17 kwa 18 na vishikio viwili vya upana wa inchi 4 na urefu wa inchi 24, uvikunje kama kamba za aproni. Ili mfuko usimame, katika kona mbili za chini za kila kipande kata mraba wa inchi 2. Baada ya kushona pembeni na chini, vuta kila kona iliyokatwa mpaka mishono miwili ikutane, uishone, na kitako kitapata upana wa kama inchi 3. Vishikio vishonwe kwa mraba wenye alama ya mkasi ndani yake, kwa sababu mfuko wa sokoni hukatikia hapo.

Vipande vilivyobaki vinatosha kwa vishikio vya kuepulia sufuria: mraba wa inchi 8 wa kitenge juu na chini, na tabaka mbili za taulo kuukuu katikati. Kila kitu humo kiwe pamba tupu, kwani kitambaa cha nailoni au poliesta huyeyuka kikigusa sufuria ya moto na humuunguza mtu. Kwa Idi, kipande kirefu cha kitenge hutoa mfuko wa kutilia mswala. Ukunje mswala, upime mzunguko wake, uongeze inchi 3, na mdomo uupitishie kamba.

Zianze kazi hizi angalau mwezi mmoja kabla ya sikukuu. Aproni peke yake hula jioni mbili au tatu kwa mtu ambaye hajazoea, na ukitegemea fundi wa mtaani akumalizie wiki ya mwisho ya Ramadhani au ya Desemba utamkuta amezidiwa na nguo za watoto. Zikiwa tayari, zipige pasi, ukunje kila moja kwa namna ambayo maneno yanakuwa juu, na ufunge kwa utepe uliokatwa kwenye pindo lililosalia. Ndani tia karatasi ndogo inayomweleza mpokeaji kwamba kitambaa kimekwisha kuoshwa mara moja, kwamba kifuliwe kwa maji baridi, na kwamba kipigwe pasi upande wa ndani ili chapa isififie mapema.