Jifunze efekti za sauti kwa masikio kabla ya mtihani wa muziki

Kila muhula huja vijana studioni kwangu Kisauni wakiwa na madaftari yaliyojaa fasili. Nikiwachezea wimbo na kuwauliza wanasikia efekti gani, yaani mabadiliko gani yaliyotiwa na fundi, kwenye sauti ya mwimbaji, wengi hunyamaza. Swali la kusikiliza halijibiwi kwa fasili, kwa hiyo tunaanza na masikio. Unahitaji simu, hedifoni, na kompyuta yenye Audacity, programu ya bure.

Hatua ya 1: Piga makofi mahali patatu

Washa kinasa sauti cha simu. Piga makofi mara moja bafuni penye vigae, kisha chumbani penye godoro na nguo, kisha katikati ya uwanja wa Makadara mapema, watu hawajajaa. Sasa sikiliza. Bafuni sauti inaning'inia: vigae vinairudisha mara nyingi, upesi mno hata sikio haliwezi kutenga rudio moja na jingine. Hiyo ndiyo reverbu. Chumbani godoro na nguo zimeimeza, hasa ile sauti nyembamba. Uwanjani inakatika palepale, maana hakuna ukuta wa karibu.

Hifadhi rekodi hizo. Fungua ya uwanjani kwenye Audacity, uitie reverbu, uongeze ukubwa wa chumba kidogo kidogo hadi ikaribie ile ya bafuni. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukigusa vitatu kwa pamoja hutajua kipi kimeleta nini.

Hatua ya 2: Dilei, na hesabu yake

Dilei ni rudio linalosikika peke yake, unaweza kulihesabu. Gawanya milisekunde 60,000, yaani dakika moja, kwa kasi ya wimbo. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika una milisekunde 600 kwa kila pigo. Nusu pigo ni 300. Dilei ya 300 ni sawa na kusimama takriban mita 51 kutoka kwenye ukuta mkubwa, kwa kuwa sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, na hapo inakwenda na kurudi. Mwanafunzi akishaiona picha hiyo hachanganyi tena dilei na reverbu.

Hatua ya 3: Kompresa

Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Wanafunzi huandika "kompresa huongeza sauti". Sivyo. Kompresa hushusha sehemu zilizopanda mno. Baada ya hapo fundi ndiye huinua sauti yote. Mfikirie mwimbaji wa taarab anayeanza beti kwa kunong'ona, kisha akapandisha hadi maiki ikatetemeka.

Tuseme kizingiti, yaani kiwango ambacho sauti ikikivuka kompresa huanza kuishusha, ni desibeli -20 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti; hapa namba ikikaribia sifuri sauti ni kubwa zaidi). Uwiano ni 4:1, yaani kila desibeli 4 zilizovuka hubaki 1. Sauti ikiingia kwa -8, imevuka kizingiti kwa 12. Gawanya kwa 4, unapata 3. Inatoka kwa -17, yaani imeshushwa desibeli 9. Fanya hesabu hii mara tano kwa namba zako mwenyewe.

Hatua ya 4: Ikwalaiza

Ikwalaiza hupunguza au kuongeza sehemu fulani ya sauti, nzito au nyembamba. Rekodi sauti yako feni ikiwa imewashwa, jambo tusiloliepuka kwa joto la Mombasa. Kata kila kilicho chini ya hezi 80 (hezi ni mitetemo kwa sekunde; chache ni sauti nzito). Mngurumo unapungua na maneno yanabaki. Kisha punguza kidogo kwenye hezi 300, usikie ule uzito wa matope ukiondoka.

Hatua ya 5: Andika jibu lenye vitu vitatu

Taja efekti, taja iko kwenye nini, eleza imeleta nini. "Kuna reverbu" ni jibu la nusu. Andika hivi: "Reverbu ndefu imetiwa kwenye sauti ya mwimbaji peke yake, kwa hiyo anasikika yuko mbali, na ngoma zimebaki kavu, bila reverbu, karibu na msikilizaji."

Hatua ya 6: Mpe mwenzako kazi ya kukufichia efekti

Mwambie atie efekti moja kwenye rekodi yako bila kukutajia, akuchezee mara tatu tu. Ya kwanza usiandike chochote, sikiliza. Ya pili andika efekti na mahali ilipo. Ya tatu andika matokeo. Kisha badilishaneni, nawe umfichie yeye.