Namna ya Kukagua Afya ya Mikoko ya Dar es Salaam

Anayevuka Daraja la Selander na kutupia macho mikoko iliyo kwenye mdomo wa Mto Msimbazi huona kijani kibichi na kuamini kwamba mambo ni shwari. Rangi ya majani ni ushahidi dhaifu, kwa sababu mti mkubwa unaweza kubaki na majani yake kwa miaka mingi ilhali chini yake hakuna mche unaokua na tope limekwisha kupoteza kaa wake. Anayetaka kujua hali halisi ya mikoko ya Kunduchi, Mbweni, Mtoni au Kigamboni hana budi kuinama na kutazama chini. Mwongozo huu unaeleza namna kikundi cha wakazi, wanafunzi au wavuvi kinavyoweza kufanya kazi hiyo kwa kamba, daftari na penseli.

Misitu ya mikoko nchini ni hifadhi ya serikali iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, kwa hiyo kikundi kianze kwa kujitambulisha katika ofisi ya serikali ya mtaa na kuomba ridhaa ya TFS. Mahali ambapo wavuvi wana kikundi chao cha ulinzi wa rasilimali za bahari, washirikishwe tangu mwanzo, kwani wao ndio wanaojua mkondo upi umezibwa na kichaka kipi kilikatwa mwaka gani.

Siku ya kazi huamuliwa na bahari. Chagua siku za bamvua, zinazofuata mwezi mwandamo au mwezi mpevu, kwa sababu wakati huo maji hupwa mbali zaidi, na hapa Dar es Salaam hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Ingieni maji yakiwa bado yanatoka na muanze kurudi mara yanapoanza kujaa, kwani vijito vya ndani hufunga njia haraka. Vaeni viatu vya kufunga kwa kamba. Gambuti hunaswa topeni, na kwenda peku ni hatari kubwa, hasa Msimbazi ambako tope huficha chupa zilizovunjika. Andikeni kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka ukilowa.

Nyosheni mstari kutoka ukingo unaotazama bahari au mto hadi nchi kavu, kisha pimeni juu yake viwanja vitatu vya mita 10 kwa 10: kimoja upande wa maji, kimoja katikati na kimoja karibu na nchi kavu. Mpangilio huu una sababu. Kila aina ya mti ina kiwango chake cha kuvumilia chumvi na kufunikwa na maji, kwa hiyo kwa kawaida mlilana husimama mbele kabisa, mkaka wenye mizizi ya kujitegemeza hufuata pamoja na msinzi, na mkandaa hukaa nyuma yao. Mchu, ambao ni mvumilivu kuliko wote, huonekana nyuma karibu na nchi kavu na wakati mwingine hata mbele. Kiwanja kimoja tu kitawapa picha ya ukanda mmoja mkidhani ni ya msitu mzima.

Ndani ya kila kiwanja hesabuni miti kwa aina, kisha hesabuni visiki, mkitenganisha vibichi na vya zamani. Visiki havisemi jambo lilelile kwa kila aina. Mchu na mlilana ukikatwa huweza kuchipua tena, lakini mkaka mkubwa uliokatwa shina kwa kawaida hauchipui, na pengo lake litazibwa na mche mpya tu, kama upo. Ndiyo maana hesabu ya miche ndiyo kiini cha kazi hii. Katika kona moja ya kiwanja pimeni eneo la mita 5 kwa 5 na mgawe miche katika makundi matatu: iliyo chini ya sentimita 40, ya kati hadi mita moja na nusu, na iliyozidi hapo lakini haijafika mita tatu. Kundi la kwanza likiwa kubwa na mengine mawili yakiwa tupu, maana yake mbegu zinafika na kuota lakini kuna kitu kinachoiua miche kabla haijakomaa. Pengine ni mbuzi, pengine ni nyayo za watu, na mara nyingi sana hapa mjini ni mifuko na vitambaa vinavyoletwa na mto na kuizonga. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 ilisaidia, lakini chupa na vifungashio bado vinateremka kila masika. Msitu wenye miti mirefu tu usio na miche ni sawa na kijiji kilichobaki na wazee pekee.

Sasa piga magoti utazame tope lenyewe. Mizizi ya kupumulia ya mchu hutokeza juu kama vijiti vilivyochomekwa, na kazi yake ni kuupatia mti hewa ambayo tope haina. Pimeni kwa rula ni sentimita ngapi zimesalia juu. Pale mchanga na tope la mto vinapoifukia mizizi hiyo, mti huanza kukauka matawi ya juu, na hakuna dawa itakayousaidia maadamu mchanga unaendelea kuja. Harufu ya mayai yaliyooza isiwatishe sana, kwa kuwa tope la mikoko huwa nayo kwa asili. Lililo la kutiliwa shaka ni utando wa mafuta juu ya maji au harufu ya kinyesi, na hayo yaandikwe pamoja na mahali yanapotokea.

Kaa wanastahili muda mrefu zaidi. Baadhi yao huburuta majani yaliyoanguka na kuyatafuna, na mashimo yao hupitisha maji na hewa hadi kwenye mizizi, kwa hiyo wakitoweka udongo wote hudhoofika. Wekeni fremu ya mbao ya nusu mita kwa nusu mita, tulieni bila kusogea kwa dakika kumi hadi wale wenye gando moja kubwa watoke na kuanza kulipunga, kisha hesabuni mashimo yaliyo wazi. Kaa mmoja anaweza kuwa na mashimo zaidi ya moja, hivyo idadi hiyo itumike kulinganisha mahali na mahali au msimu na msimu, isitangazwe kuwa hesabu ya kaa. Hesabuni pia tondo, yaani konokono wa mikokoni, waliotapakaa juu ya tope.

Kwa ndege, robo saa ya kusikiliza inatosha kila mara. Andikeni yangeyange, mdiria na sululu mkiwaona, na msisahau kuandika kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na ambaye hula mayai na makinda ya ndege wengine. Asubuhi yenye kunguru peke yake ni habari mbaya.

Rudieni vipimo kwenye viwanja vilevile, wakati uleule wa bamvua, mara moja kabla ya masika na mara moja baada yake, na pigeni picha mkisimama palepale. Ziara moja haitoshi kutamka kwamba msitu unapona au unakufa.

Ombi langu kubwa ni kwamba matokeo mabaya yasiwasukume kukimbilia kupanda. Mara nyingi watu hupanda mkaka kwenye tope tupu linalofunikwa na maji saa nyingi kupita kiasi, na miche hufa. Tafuteni kwanza kwa nini miche ya asili haikui: huenda tuta la shamba la chumvi limezuia maji, au kifusi cha ujenzi kimeziba mkondo. Maji yakirudi na miti mama ikiwa jirani, msitu hujipanda wenyewe.

Kuhusu kifusi, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka bahari na mito. Mkikuta ujenzi au ukataji, msijibizane na wahusika. Pigeni picha ya kisiki au kifusi, andikeni tarehe na alama ya karibu ya mahali, kisha pelekeni nakala kwa serikali ya mtaa na TFS, na suala la ujenzi au maji machafu lipelekwe pia NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, zikiambatana na hesabu zenu za kabla na baada.