Kupuliza kioo na kukipoza kisipasuke

Kioo hutokana na mchanga, ila mchanga mtupu hauyeyuki mpaka nyuzi 1,700 hivi za Selsiasi. Changanya magadi ili kiwango hicho kishuke, na chokaa ili kioo kisije kikamumunyuka majini.

Mimi hupuliza kikiwa karibu nyuzi 1,000, kinavutika kama asali nzito. Pumzi iwe ndogo, huku unazungusha bomba unalopulizia: ukisukuma kwa nguvu, upande wenye joto zaidi huvimba peke yake na kuwa mwembamba mno.

Ila kazi hasa ni kupoza. Usikiache mezani! Kitie kwenye tanuri ya nyuzi 500 na ushei, kitulie mpaka joto lilingane ndani na nje, kisha shusha taratibu. Kitako kinene ndicho kisumbufu. Ukiharakisha, mkazo hubaki ndani, na chombo huweza kupasuka kesho yake bila kuguswa.